Kipande cha nne, lakini cha ubeti upi? Shajara ya daftari la utenzi

Jumatatu, 6 Januari

Leo alasiri tumemaliza kunakili daftari lote. Ni utenzi wa safari ya baharini, umeandikwa kwa herufi za Kiarabu na mkono ambao ami yangu anaujua: ni wa bibi yake mzaa baba. Daftari limekaa sandukuni hapa Mkomani, Lamu, miaka mingi, likila unyevu na mchwa. Kila ukurasa una mistari minane, na kila mstari ni ubeti mzima, vipande vinne vikifuatana kutoka kulia kwenda kushoto. Ami alikuwa akisoma, mimi nikiandika kwa herufi za Kilatini. Bila yeye nisingefika popote, maana katika uandishi ule wa zamani herufi ya be inaweza kuwa b, p au mb, na anayejua ni ipi ni yule aliyekwisha kuusikia utenzi ukiimbwa.

Faili ni la XML, yaani kila sehemu ya maandishi imefungwa ndani ya alama zenye jina lake, zinazoitwa elementi, na majina hayo nimeyaweka kwa Kiswahili ili ami naye aweze kulisoma. Ubeti mmoja unakaa hivi:

<ubeti>
  <kipande>Mashua yetu katweka</kipande>
  <kipande>upepo ukageuka</kipande>
  <kipande>na tanga likatatuka</kipande>
  <kipande>tukamuomba Jaliya</kipande>
</ubeti>

Beti zimegawanywa katika sehemu tatu: dibaji, kisa na tamati. Kila ukurasa mpya unapoanza nimetia alama tupu, <ukurasa n="5"/>, ili nijue niko wapi kwenye daftari lenyewe. Kompyuta imehesabu beti 312.

Utenzi huu hauna jina. Utenzi usio na jina hujulikana kwa kipande chake cha kwanza, kwa hiyo kazi ya kwanza niliyoipa programu ilikuwa kunitolea kipande hicho nikiweke juu ya faili. Naiuliza kwa XPath, lugha ya kuulizia faili za XML. Nimeandika:

//kipande[1]

Nimepata vipande 312.

Jumatano, 8 Januari

Nimekaa na jambo hili mpaka nimelielewa, na nataka kuliandika vizuri kwa sababu najua nitarudi hapa tena.

Zile alama mbili za mkwaju mwanzoni ni ufupisho. Kwa urefu wake swali lile ni hili:

/descendant-or-self::node()/child::kipande[1]

Maana yake: pita kwenye kila nodi ya faili (elementi, maandishi, chochote kilichomo), na katika kila moja uliza watoto wake wanaoitwa kipande, kisha umchukue wa kwanza. Nambari ya kwenye mabano inashikamana na hatua ya mwisho peke yake. Inahesabu watoto wa mzazi mmoja, ikimaliza inahamia kwa mzazi mwingine na kuanza tena moja. Beti ziko 312, kwa hiyo wa kwanza wako 312. Programu haikukosea hata kidogo.

Nilichokitaka kinaandikwa hivi:

(//kipande)[1]

Mabano ya duara yanasema: wakusanye wote kwanza, uwapange kwa mpangilio wa faili, ndipo uhesabu. Ni kama kupita kwenye kichochoro chetu. Ukiambiwa umwite aliyekaa wa kwanza katika kila daka, yaani baraza ya mlangoni, utarudi na watu wengi. Ukiambiwa uwakusanye watu wote wa madaka yote kisha umwite wa kwanza, utarudi na mmoja. Anayetuma ndiye anayepaswa kusema anataka nini.

Njia ya tatu ni /descendant::kipande[1], nayo huleta kimoja tu, kwa sababu hapo hatua ni moja na wazao wote wanahesabiwa pamoja. Kwa macho inafanana sana na //kipande[1], ndiyo maana nimeiandika hapa.

Hesabu inaanza na 1. Nimezoea lugha ya programu ya Python ambako orodha huanza na 0, na leo asubuhi nimepoteza nusu saa kwa kuandika kipande[0]. Hakuna kosa lililotangazwa. Linarudi jibu tupu, kimya, kama vile kitu hakipo.

Jumamosi, 11 Januari

Sasa kazi niliyokuwa nikiisubiri: kukagua bahari. Anayejua tenzi anajua kwamba vipande vitatu vya mwanzo vina kina chao, kinachobadilika kila ubeti, lakini kipande cha nne hubeba kina kimoja kutoka mwanzo wa utenzi mpaka mwisho. Kina hicho ndicho bahari, na hapa ni -ya. Kwa hiyo kipande cha nne chochote kisichoishia -ya ni dalili kwamba nimekosea kunakili, au ami amesoma vibaya, au karatasi imeliwa.

Maktaba ya Python ninayoitumia, lxml, inafuata XPath 1.0, toleo lililopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Novemba 1999, na toleo hilo halina amri ya kuuliza neno linaishia na nini. Amri hiyo ilikuja na toleo la 2.0 mwaka 2007. Ikanibidi nikate herufi mbili za mwisho kwa mkono:

//ubeti/kipande[4][substring(normalize-space(.), string-length(normalize-space(.)) - 1) != 'ya']

Yamerudi majibu kumi na moja. Nimeyatazama moja moja na yote yalikuwa makosa yangu: mahali niliandika "afia" badala ya "afiya", "sikia" badala ya "sikiya". Kwenye daftari ile ye iko wazi kabisa. Nimesahihisha, nikauliza tena, majibu sifuri.

Nikamwambia ami bahari yote iko sawa. Akanyamaza kidogo, akaninywesha kahawa tungu, akasema, "Mwanangu, ule ukurasa uliotoboka nao uko sawa?"

Sikuwa na jibu.

Jumapili, 12 Januari

Swali la ami limenilaza macho. Leo nimeuliza jambo dogo ambalo ningepaswa kuliuliza kwanza: count(//kipande). Beti 312 mara vipande 4 ni 1,248. Nimepata 1,240.

Vimepungua vinane. Na ukaguzi wangu wa jana ulipita bila kuona hata kimoja. Nimeelewa kwa nini: nilipouliza kipande[4] niliwauliza wale tu walio na cha nne. Ubeti wenye vipande vitatu hauna cha nne, kwa hiyo haukuulizwa. Swali lilijibu kile kile nilichouliza. //ubeti/kipande[4] linarudisha 305, na mimi jana sikutazama idadi hiyo, nilitazama makosa tu.

Nikajaribu last() nikidhani itanusuru, maana cha mwisho kipo kila ubeti:

//ubeti/kipande[last()]

Hapa zikajitokeza beti sita ambazo cha mwisho hakiishii -ya. Ni vizuri, lakini 305 kutoa katika 312 ni saba, si sita. Ndipo nikauliza moja kwa moja:

//ubeti[count(kipande) != 4]

Beti nane. Tano zina vipande vitatu, mbili zina viwili, na moja ina vitano. Ule wenye vitano ndio ulioficha hesabu: vilivyopotea ni tisa, kimoja kimezidi, tofauti ikaonekana nane. Na kati ya zile tano zenye vitatu, mbili zimepoteza kipande cha katikati. Cha mwisho wao kinaishia -ya bila taabu, kwa hiyo last() ilizipitisha.

Sita, saba, nane. Maswali matatu yaliyo karibu kufanana, majibu matatu tofauti, na kila moja ni la kweli kwa namna lilivyoulizwa. Nimeuchapa ukurasa huu na kuubandika ukutani.

Jumanne, 14 Januari

Ili nilifungue daftari mahali panapostahili nahitaji nambari ya ukurasa wa kila ubeti katika hizo nane. Alama za ukurasa ziko kabla ya beti, kwa hiyo kutoka kwenye ubeti natazama nyuma. Nimeandika:

(preceding::ukurasa)[1]/@n

Jibu: ukurasa wa 1. Ubeti wa pili: ukurasa wa 1. Zote nane, ukurasa wa 1.

Juzi nilijifunza kuweka mabano ya duara, na leo mabano yale yale yamenipoteza. Mhimili, yaani upande ambao swali linatazama, hapa ni preceding: unatazama nyuma, na unapohesabu ndani ya hatua yake, hesabu inaanza na aliye karibu nawe. Wa 1 ni wa jirani, wa 2 ni wa mbali kidogo, hivyo hivyo mpaka mwanzo wa faili. Lakini ukishafunga mabano ya duara, nodi zinarudi kwenye mpangilio wa faili, na wa 1 anakuwa yule wa mwanzo kabisa. Kinachotakiwa ni:

preceding::ukurasa[1]/@n

Bila mabano ya duara. Vivyo hivyo kwa preceding-sibling::ubeti[1], ambao ni ubeti uliotangulia huu mara moja, na ancestor::*[1], ambaye ni mzazi, si shina la faili. Mihimili ya kwenda mbele inahesabu kwenda mbele, ya kurudi nyuma inahesabu kurudi nyuma.

Kurasa zilizopatikana ni sita. Mbili zina beti mbili mbili zenye kasoro. Ubeti wa vipande vitano uko ukurasa wa 27, wa mwisho kabla ya ukurasa kugeuka.

Jambo moja dogo kabla sijasahau. Pembeni mwa baadhi ya beti bibi aliandika maelezo, nami nimeyaweka kama <pambizo> katikati ya vipande pale yalipo. Kwa hiyo *[4] na kipande[4] si kitu kimoja. Ya kwanza inahesabu kila elementi, pambizo ikiwamo. Ya pili inahesabu vipande peke yake. Na node()[4] ni mbaya zaidi, kwa sababu hata nafasi tupu na mistari mipya kati ya elementi ni nodi za maandishi, nazo zinahesabiwa.

Alhamisi, 16 Januari

Tumekaa dakani baada ya alasiri, kaskazi ikivuma, ami na miwani yake na daftari juu ya mto, mimi na kompyuta. Punda wamepita na mawe ya matumbawe, tukakunja miguu, tukaendelea.

Beti saba za kwanza zilikuwa rahisi. Mahali mchwa wamekula panaonekana. Ukingo wa kushoto ndio ulioumia zaidi, na kwa kuwa uandishi unakwenda kulia kuja kushoto, kipande cha nne ndicho kinachokaa ukingoni. Ndiyo maana bahari imepotea mara tano.

Kisha ukurasa wa 27. Ami ameweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Ni ule ubeti wa mashua, ambao vipande vyake vinne vya kwanza nilivinukuu juu kabisa ya shajara hii. Vipande vyake vinne vyote vipo, mpaka "tukamuomba Jaliya". Chini yake, pembeni kulia, kipo kimoja zaidi, nami nilipokuwa nikinakili nilidhani kimening'inia kutoka mstari wa juu:

Mayi yakaya ngamani

Ami amekisoma kwa sauti mara mbili, pole pole, akihesabu mizani kwa vidole. Nane. Akasema, "Kina hiki si cha ubeti huu. Huku ni -ka, -ka, -ka, kisha -ya. Hiki ni -ni. Hiki ni cha kwanza cha ubeti wake."

Akageuza daftari liangalie mwanga. Pembe ya chini ya kushoto ya ukurasa haipo. Si kwamba maandishi yamefifia: karatasi yenyewe imechanika, mchaniko wa mshazari, na mstari wa tisa, ambao haupo katika ukurasa mwingine wowote, ulibanwa hapo chini kwa sababu bibi hakutaka kuukatia ukurasa mpya. Kilichonusurika ni kipande kilichoanzia kulia. Vitatu vilivyofuata vimekwenda na ile pembe.

Ukurasa wa 28 unapoanza, wako pwani wanaanika tanga. Maji yaliingia ngamani, chini ndani ya chombo, kisha wako nchi kavu. Walivyoyafua, nani alisimama wapi, nani aliomba nini, vyote vilikuwa katika mizani ishirini na nne zilizochanika.

Ijumaa, 17 Januari

Baada ya sala ya Ijumaa nimemuuliza ami tufanye nini na mapengo. Nia yangu ilikuwa kuyaacha: ubeti wenye vipande vitatu ubaki na vitatu, niweke maelezo chini. Akakataa kabla sijamaliza.

"Msikitini mtu akiondoka, safu hufungwa. Hapa usifunge. Kilichopotea mwachie mahali pake, ajulikane alikuwa wa ngapi."

Ameona kwa macho ya msomaji wa tenzi kile ambacho mimi nilikuwa nakizunguka kwa siku kumi. Nikifunga safu, cha nne kinakuwa cha tatu, na swali langu la bahari linamshika mtu asiye wake. Nafasi ndani ya ubeti ina maana, kwa sababu bibi aliipa maana, na faili halina haki ya kuibadilisha kwa sababu mchwa wamepita. Kwa hiyo kila kilichopotea kimepata elementi yake tupu:

<kipande hali="kimepotea"/>

Tisa katika zile beti saba. Kisha "Mayi yakaya ngamani" nimekitoa pale kilipokuwa, nikakipa ubeti wake, na nyuma yake nimeweka vitatu vitupu. Sasa kipande[4] ni bahari, kila mahali, bila ubaguzi.

Baada ya hapo mpangilio wa masharti, yale ya kwenye mabano ya mraba, umeanza kuwa na uzito. Haya mawili si sawa:

kipande[not(@hali)][2]
kipande[2][not(@hali)]

La kwanza linachuja kwanza, likibakisha vilivyosalimika, kisha linachukua cha pili kati ya hivyo. La pili linakwenda nafasi ya pili, kisha linauliza kama aliyekaa hapo amesalimika, na kama hakusalimika halileti kitu. Kwa kazi ya vina nataka la pili siku zote. La kwanza ni ile safu iliyofungwa, imerudi kwa mlango mwingine. Masharti yanasomwa kushoto kwenda kulia, na kila moja linahesabu upya wale waliobakizwa na lililotangulia.

Nimepata pia kosa moja katika programu yangu, nalo nalieleza kwa sababu lilikuwa gumu kuliona. Nambari ya kipande nilikuwa naipokea kutoka kwenye mstari wa amri na kuipitisha kama kigezo, kipande[$i]. Kinachotoka kwenye mstari wa amri ni maandishi, si nambari. Sharti likiwa nambari, XPath hulilinganisha na nafasi. Likiwa maandishi, huuliza tu kama yana kitu ndani, na "4" ina kitu ndani, basi vipande vyote vinapita. Nimegeuza kuwa nambari kabla ya kukipitisha, na ikatulia. Kipande[@n] nacho kina mtego huo huo: hakimaanishi nafasi iliyoandikwa katika n, kinamaanisha kipande chochote chenye sifa ya n. Atakaye nafasi aandike position() = @n.

Jumamosi, 18 Januari

Nimerudia ukaguzi wote. //ubeti[count(kipande) != 4] ni tupu. count(//kipande) ni 1,252. Vyenye hali="kimepotea" ni 12. Bahari ya vilivyosalimika yote ni -ya.

Nikamsomea ami nambari hizo. Akauliza, "Beti sasa ni ngapi?"

"Mia tatu na kumi na tatu, ami."

"Tamati yasemaje?"

Sehemu ya tamati sikuinakili mimi. Siku zile nilikuwa Mokowe, na binti ami ndiye aliyeandika akisomewa. Watunzi wengi wa tenzi, wakifika mwisho, hutaja idadi ya beti zao, ili atakayenakili baadaye asipunguze wala asiongeze. Nimetafuta ubeti wa pili kutoka mwisho. Kwa mara ya kwanza mkono umekwenda wenyewe kwenye mabano ya duara, maana //ubeti[last() - 1] ingeniletea mmoja kutoka kila sehemu, nami nilitaka mmoja wa utenzi mzima:

(//ubeti)[last() - 1]

Ukaja:

Beti zake hesabuni
mia tatu kwa yakini
na kumi na tatu ndani
zimetimu zote piya

Ami amenyosha mkono, nikampa kompyuta. Amesoma mwenyewe, kwa herufi za Kilatini ambazo huwa anazilalamikia, mpaka mwisho. Kisha amelifungua daftari ukurasa wa 27, akakata kipande cha karatasi nyeupe, akakichomeka pale kwenye pembe isiyokuwepo.